BAHARI IKIPATA JOTO, KIMBUNGA HUPATA NGUVU

Wakazi wa Chanika hawaioni bahari kutoka majumbani mwao. Lakini mvua inayojaza mabonde yao hutoka baharini. Upepo mkali nao waweza kutoka huko. Basi ni vizuri tujue kimbunga huzaliwa vipi.

Ndugu msomaji, teleka sufuria ya maji. Maji yakichemka, mvuke hupanda. Bahari nayo hupashwa joto na jua. Maji ya juu yakifika nyuzi joto 26 au 27, mvuke mwingi hupanda. Huko angani mvuke hupoa, hugeuka mawingu na kutoa joto lake. Joto hilo huzidi kupandisha hewa. Upepo wa pembeni hukimbilia kujaza nafasi. Kwa kuwa dunia inazunguka, upepo huo nao huzunguka. Hicho ndicho kimbunga. Chakula chake ni joto la bahari. Kikifika nchi kavu, hukosa chakula na kufifia.

Sisi tuko karibu na Ikweta. Hapo nguvu ya kuzungusha upepo ni ndogo. Ndiyo maana vimbunga hutufikia mara chache. Lakini hufika. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kilizamisha meli, kikang'oa minazi na mikarafuu. Mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi. Mwaka 2021 kimbunga Jobo kilielekea Dar es Salaam, kikadhoofika kikiwa baharini. Mwezi wa Mei, 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia na kuleta mvua kubwa pwani.

Je, vimbunga vitaongezeka? Bahari ya Hindi inazidi kupata joto. Wataalamu wanasema huenda idadi yake isiongezeke. Lakini vile vikali vitazidi, na mvua yake itakuwa kubwa zaidi.

Tufanye nini basi? Tusikilize redioni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tukaze misumari ya mabati. Tukate matawi makavu yaliyo juu ya nyumba. Tuzibue mifereji. Tusijenge mabondeni. Mto ukifurika, tusivuke, wala tusiwaruhusu watoto wavuke kwenda shule. Maji ya magotini yakienda kasi humwangusha hata mtu mzima.

Kazi hizi tuzifanye kabla mawingu hayajatanda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.