Kachumbari Kabla ya Kuku

Wataalamu wanaposema kuku mbichi asioshwe, mpishi wa kwetu huona wanahimiza uchafu, na ana haki ya kushangaa. Kuku aliyechinjwa nyumbani, akatumbukizwa kwenye maji ya moto na kunyonyolewa, hubaki na damu, vinyoya na pengine mabaki ya utumbo, na hayo lazima yatoke. Ila kutoa vinyoya ni jambo moja, kuua bakteria ni jingine. Bakteria aitwaye kampilobakta huishi tumboni mwa kuku, mara nyingi bila kumdhuru, na hustawi hasa kwenye nyuzi 42, joto la mwili wa ndege. Kuku akipasuliwa, bakteria hao huenea kwenye ngozi na kung'ang'ania vitundu vya manyoya. Maji huwatoa baadhi, tena wakiwa hai, wakahamia kwenye karai, mikono na ubao wa kukatia. Limao, linaloaminiwa mno, hukata shombo tu. Na hawahitajiki wengi: bakteria wapatao 500 wamewahi kutosha kumwangusha mtu kwa kuhara.

Hata hivyo, katazo peke yake halitoshi, na wanaotuonyesha hivyo ni wakatazaji wenyewe. Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu waliopika kuku na kuandaa saladi. Katika walioosha kuku, asilimia 60 waliacha bakteria kwenye sinki, na asilimia 14 wakawaacha hata baada ya kulisafisha. Lakini saladi ilichafuliwa na asilimia 26 ya walioosha na asilimia 31 ya wasioosha! Mwenye haraka atasema basi tuoshe. Mimi nasoma vingine: makundi yote mawili yalishika kuku, kisha yakashika majani bila kunawa sawasawa. Kwa hiyo kinachotulinda kwanza ni mpangilio wa kazi. Nyanya na vitunguu vya kachumbari haviendi motoni, hivyo vikatwe kwanza na kufunikwa, kuku afuate. Anayelalamika kwamba ana kisu kimoja na chumba kimoja hatatumia hata senti kwa utaratibu huo. Anayelazimika kusuuza asuuzie ndani ya beseni, polepole, kisha anawe kwa sabuni. Yaliyobaki ni kazi ya moto: nyuzi 74 hadi ndani ya paja. Kuku wa kuchoma aliyeungua nje na kubaki mbichi karibu na mfupa ni hatari, hata akioshwa mara saba.