Ijumaa ya watu kumi na mmoja katika mji usiokuchwa jua

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa mashariki zote na magharibi zote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinipigia simu kijana wa Tanga aliyewahi kusoma Safina mbele yangu. Sasa ni mwaka wa nne anaishi Hammerfest, mji mdogo ulioko ncha ya kaskazini ya Norway, na kazi yake ni katika kiwanda cha samaki. Baada ya kuamkiana alisema: “Shekhe, huu ni mwezi wa tatu siendi Ijumaa.” Nikamuuliza kulikoni. Akajibu: “Tuko kumi na mmoja tu. Nawe ndiye uliyenifundisha kwamba wasipotimia wanaume arubaini, wakazi wa mji, hakuna Ijumaa.”

Nakiri maneno yale yalinichoma. Ni kweli nilimfundisha hivyo, kwa kuwa ndivyo yalivyo madhehebu yetu ya Imamu Shafii katika kauli yake mashuhuri. Ila nilimfundishia Tanga, ambako kuwapata watu arubaini siku ya Ijumaa si mtihani. Sikufikiri kwamba mmoja wa wanafunzi wangu ataibeba hukumu ile mpaka digrii 70 kaskazini ya ikweta, kisha imtenge na Waislamu wote alionao.

Wenziwe wale ni Wasomali, Wasiria, Waafghani na Mweritrea mmoja. Wamekodi chumba chini ya jengo la maduka. Imamu wao ni Msiria, Hanafi. Kijana wetu alikuwa akisikiliza hotuba, kisha ikikimiwa sala anatoka na kwenda kuswali Adhuhuri peke yake nyumbani. Wenziwe wakahuzunika, wakidhani anawaona si Waislamu kamili. Naye kwa haya akaacha kwenda kabisa.

Kabla ya jibu, yafaa tuujue mji wenyewe. Hammerfest ulipewa hadhi ya mji mwaka 1789. Majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakirudi nyuma katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945 yaliuteketeza wote, likabaki kanisa dogo la makaburini. Ukajengwa upya kwa uvuvi, na tangu mwaka 2007 pana kiwanda cha gesi kwenye kisiwa cha Melkøya, mbele ya bandari. Watu wake na vitongoji vyake ni kiasi cha elfu kumi na moja. Kuanzia katikati ya Mei hadi karibu na mwisho wa Julai jua halichwi. Huzunguka mbinguni usiku kucha. Kisha kuanzia takriban tarehe 21 Novemba hadi tarehe 21 Januari halionekani kabisa. Haishangazi kwamba watu wa huko waliweka taa za umeme mitaani mapema, mwaka 1891.

Suala la nyakati si jipya katika fikihi yetu. Mwaka 922 Ibn Fadhlan, mjumbe wa Khalifa al-Muqtadir, alifika kwa Wabulghari kando ya mto Volga. Amesimulia kwamba aliingia hemani na mshonaji wa mfalme kuzungumza kidogo huku wakingoja Isha. Mara wakasikia adhana, na walipotoka alfajiri imekwishapambazuka. Muadhini akamweleza kwamba wao huiswali Isha pamoja na Magharibi. Wanazuoni wa Kihanafi walikuja kuijadili Bulghar kwa karne nyingi: ikiwa wakati wa Isha hauingii, je, Isha inawajibika? Wapo waliosema imeanguka, kama mkono uliokatwa unavyoanguka wajibu wake katika udhu. Ibn al-Humam akawapinga kwa hadithi ya Dajjal iliyomo katika Sahihi Muslim. Humo Mtume (S.A.W.) alitaja siku moja itakayokuwa kama mwaka; masahaba wakauliza kama sala za siku moja zitatosha, akawaambia hapana, bali wazikadirie. Wanazuoni wetu wa Kishafii nao wakasema anayekosa alama ya wakati ashike wakati wa mji ulio karibu naye wenye alama hiyo.

Juu ya msingi huo Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudia lilitoa uamuzi mwaka 1978: penye usiku na mchana unaopambanuka ndani ya saa 24, hata mchana ukiwa mrefu mno, watu wafuate jua lao, pasipopambanuka, wakadirie kwa nchi iliyo karibu. Tena anayeshindwa kabisa na saumu ndefu ana ruhusa ya kula na kulipa, maana Allah (S.W.) katika Surat al-Baqara, aya ya 185, ameweka wazi kuwa anatutakia wepesi. Mwaka 2015 Ramadhani nzima iliangukia ndani ya jua lisilochwa. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Disemba, nyakati za giza. Wengine kaskazini huko hufuata saa za Makka. Binafsi naona mji wa karibu ndio wenye nguvu zaidi kifikihi, lakini jamaa wakishakubaliana ratiba moja, asijitokeze mmoja kufungua ugomvi wa pili.

Turudi kwenye Ijumaa. Arubaini ni rai ya Shafii na Ahmad. Kwa Abu Hanifa wanatosha watatu pamoja na imamu. Kwa Malik ni kumi na wawili, na hoja yake ni ule msafara uliotajwa mwishoni mwa Surat al-Jumu'a: watu walipoukimbilia, Mtume (S.A.W.) alibakiwa na wanaume kumi na wawili tu, kama alivyosimulia Jabir. Hata kwa Imamu Shafii imepokewa kauli ya kale inayotosheka na wanne, na wapo wanazuoni wa madhehebu yetu walioitegemea. Basi nilimwambia: “Mwanangu, rudi. Swali nyuma ya yule Msiria. Nafsi isipotulia, swali Adhuhuri nyumbani kwa tahadhari, kama wafanyavyo baadhi ya misikiti yetu ya pwani, wala usimtangazie mtu.”

Kisha nikamuuliza jambo jingine: “Jirani yako wa mlango wa pili anaitwa nani?” Akanyamaza. Miaka minne! Alijitetea kwamba watu wa huko hawasalimiani njiani, na kwamba ukimsalimu mtu usiyemjua atadhani una shida. Yawezekana. Lakini wana siku yao ya kazi ya pamoja, waiitayo dugnad, ambapo majirani hutoka na mafagio na koleo kusafisha uwanja baada ya theluji kuyeyuka. Hiyo ni nini kama si msaragambo wetu? Tangazo lake hubandikwa mlangoni kila mwaka, naye kila mwaka hulipita. Abdullahi bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza, tena akarudia, kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Nikamwambia Surat an-Nisaa, aya ya 36, imetaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, wala haikuwekea sharti la kuanza yeye kusalimu.

Akacheka, akasema kuchinja hakuwezekani, maana sheria ya Norway tangu mwaka 1929 imekataza kuchinja mnyama bila kumpoteza fahamu kwanza. Nikamjibu kwamba mtoto wa Tanga aliyezungukwa na samaki hana udhuru wa kitoweo.

Amenipigia tena. Amerudi Ijumaa. Siku ile walikuwa tisa, wawili wakiwa zamu, na imamu alipomwona alisogea tu kumwachia nafasi katika safu. Jirani ni bibi mzee, baharia mstaafu. Amempelekea samaki wa kupaka wa nazi ya kopo, naye amemuuliza ni kwa nini taa yake huwaka saa tisa za usiku.

Wallahu aalam.