Kutoka Gusii hadi Kisumu kwa baiskeli: Hesabu za msafara wa hisani

HARAMBEE ni desturi iliyokita mizizi katika kaunti za Kisii na Nyamira. Wakazi huchanga fedha kulipia bili za hospitali, karo na ujenzi wa makanisa, aghalabu katika uwanja wa shule au nyumbani kwa mhitaji. Hata hivyo, ipo njia nyingine ya kuchangisha: msafara wa baiskeli wa siku moja, ambapo kila mshiriki hutafuta wafadhili wa kumlipia kwa kila kilomita atakayoendesha.

Mtindo huo si mgeni. Nchini Uingereza, msafara wa kutoka London hadi Brighton, wenye urefu wa takriban kilomita 87, umekuwa ukichangia vita dhidi ya maradhi ya moyo tangu 1980. Humu nchini, mbio za Marathon ya Nairobi zilipoanzishwa 2003 zilihusishwa na kampeni ya kuzuia upofu.

Kwa waandalizi wa Gusii, njia inayovutia zaidi ni kuteremka hadi Kisumu, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo 2001. Kutoka mji wa Kisii, barabara kuu ya A1 hupitia Oyugis, Sondu, Katito na Ahero kabla ya kuingia Kisumu, umbali wa kilomita 110 hivi. Wakianzia Nyamira, washiriki wataongeza takriban kilomita 30 za milima na mabonde.

Kwa kuwa Kisii iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Victoria liko mita 1,134, wengi hudhani kwamba safari hii ni mteremko mtupu. Dhana hiyo ndiyo huponza misafara ya aina hii.

Hesabu ya jua

Karibu na ikweta, mchana huchukua takriban saa 12 mwaka mzima. Magharibi mwa Kenya, jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni. Ratiba yote sharti ipangwe kutoka machweo kurudi nyuma, tena kwa kasi ya mshiriki wa mwisho wala si ya aliye mbele.

Tuseme mshiriki wa mwisho ana wastani wa kilomita 15 kwa saa, na mapumziko yote yanachukua saa mbili. Akiondoka Kisii jua linapochomoza, atafika Kisumu saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Akiondoka Nyamira wakati huo huo, atafika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, dakika 40 tu kabla ya jua kutua. Pancha chache, au mvua ya saa moja, zatosha kumwacha gizani kwenye barabara inayotumiwa na malori na matatu za masafa marefu.

Suluhisho si kuwanyima wenyeji wa Nyamira nafasi. Wanaweza kuendesha hadi Kisii siku moja kabla, walale huko, kisha waungane na wenzao alfajiri. Wanaotaka kumaliza yote kwa siku moja wawe wale waliofanya mazoezi ya masafa hayo na kuthibitisha kasi yao.

Breki, mvua na upepo

Nyanda za juu za Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima, na hunyesha zaidi kuanzia Machi hadi Mei. Mara nyingi mvua hiyo huja alasiri, sababu nyingine ya kuondoka mapema. Januari na Julai huwa na unafuu kiasi.

Mvua ni hatari kwa sababu ya breki. Baiskeli nyingi za mashambani, zikiwemo zile za aina ya Black Mamba, zina ringi za chuma, na ringi hizo zikilowa breki hushika kwa shida. Kwa hivyo, fundi akague kila baiskeli juma moja kabla ya safari, na tena asubuhi ya kuondoka. Asiye na breki mbili zinazofanya kazi asiruhusiwe kuondoka, hata kama ndiye aliyekusanya ahadi nyingi zaidi za michango. Sharti la helmeti pia lisiwe na msamaha.

Baada ya Sondu, barabara hushuka kuelekea tambarare za Kano, na hali ya hewa hubadilika. Joto la mchana huwa kali kuliko lile la milimani. Isitoshe, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Hivyo basi, kilomita zipatazo 24 za mwisho kutoka Ahero, ambazo ni tambarare kabisa kwenye ramani, huendeshwa dhidi ya upepo na watu waliokwisha kuchoka.

Kwa sababu hiyo, Ahero ndipo mahali pa kuweka saa ya mwisho. Ambaye hajapita hapo kufikia saa tisa na nusu alasiri apandishwe kwenye gari la waandalizi, na wafadhili waelezwe mapema kwamba kilomita alizoendesha zitalipiwa. Asipokuwa na hofu ya kupoteza mchango, mshiriki hatajisukuma kupita uwezo wake.

Kuhusu lishe, Gusii haina uhaba wa ndizi. Ndizi mbivu, maji safi na kinywaji chenye chumvi na sukari kidogo vipatikane katika kila kituo, angalau kila baada ya kilomita 20.

Ulinzi wa barabarani

Msafara ukianzia Nyamira utapitia kaunti nne: Nyamira, Kisii, Homa Bay na Kisumu. Barua moja kwa kituo kimoja cha polisi haitoshi. Sheria humtaka anayeandaa maandamano ya umma kumwarifu afisa msimamizi wa kituo cha polisi kati ya siku tatu na 14 kabla ya shughuli. Ni busara kwa waandalizi wa msafara kutumia muda huo kama kiwango cha chini kabisa, na kuzungumza na polisi wa trafiki wa kila eneo majuma kadhaa mapema.

Washiriki waendeshe mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto, katika makundi madogo yanayoacha nafasi ya magari kupita. Gari moja litangulie na jingine lifunge msafara, pamoja na ambulensi. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance yana uzoefu wa huduma ya kwanza katika hafla za umma.

Fedha za wahitaji

Mfadhili anayeahidi Sh20 kwa kilomita atatoa Sh2,200 kwa safari ya kilomita 110. Washiriki 50, kila mmoja akiwa na wafadhili watano wa aina hiyo, watakusanya Sh550,000. Lakini mafuta ya magari, chakula, ambulensi na fulana zikigharimu nusu ya kiasi hicho, mhitaji ndiye atakayekuwa amegharamia sherehe. Gharama zitafutiwe mdhamini wake kando, na makadirio yatangazwe kabla ya ahadi ya kwanza kupokelewa.

Sheria ya Kenya, Sura ya 106, ina masharti kuhusu uchangishaji wa fedha kutoka kwa umma, na waandalizi wanapaswa kuyafahamu kabla ya kutangaza nambari yoyote ya malipo. Michango ipitie nambari moja ya Paybill iliyounganishwa na akaunti yenye watia saini watatu. Kisha, katika muda wa mwezi mmoja, hesabu isomwe hadharani: kilichoingia, kilichotumika na kilichomfikia mhitaji.

Baiskeli huweza kukodishwa na njia kubadilishwa, lakini imani ya wachangaji ikishapotea, msafara wa mwaka unaofuata hautapata wa kuudhamini.