Nani Alipe Pipa Likiharibika?

Mnyauko wa migomba ulipogunduliwa Uganda mwaka 2001, wilayani Mukono, wakulima waliambiwa wang'oe shina zima pamoja na machipukizi yake hata kama mgomba mmoja tu umeonyesha dalili. Bakteria wanaosababisha ugonjwa huo hawana dawa, kwa hiyo ushauri ulikuwa na mantiki yake, lakini wengi hawakuufuata. Familia inayokula matoke kila siku na kuuza mikungu ili ilipe karo haiwezi kufyeka shamba ikasubiri mwaka mzima au zaidi. Njia iliyowafaa ilipimwa mashariki mwa Kongo, huko Kivu walikotoka wakimbizi wengi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro, Uganda. Watafiti walibaini kwamba ugonjwa hauenei katika machipukizi yote ya shina moja. Basi mkulima akate mgomba unaoumwa peke yake, usawa wa ardhi, na arudie kila dalili zinapotokea. Ua dume alivunje kwa kijiti chenye panda, si kwa panga linalobeba ugonjwa.

Jambo hilo linanishawishi kwamba majaribio madogo, katika shamba au kiwanda cha mtu anayekitegemea, yanastahili fedha, na fedha hizo lazima zifidie hasara. Chukua watengenezaji wa tonto, pombe ya ndizi, wa Mbarara na Isingiro, wanaokamua ndizi na kuchachusha maji yake kwa unga wa mtama. Kayinja, mojawapo ya ndizi zinazokamuliwa sana, ndiyo pia huambukizwa upesi na wadudu wanaotembelea maua. Je, ndizi nyingine itatoa maji ya kutosha, na wateja wataipenda ladha yake? Maabara inaweza kupima sukari. Jibu la pili liko kwa mpishi wa tonto mwenye wateja wake. Pipa moja likiharibika, huenda mtaji wake wa wiki umekwisha. Kumwomba ajaribu bila kumlipia pipa hilo ni kumtwika maskini gharama ya elimu itakayowanufaisha wote. Australia, wakulima wa zabibu za mvinyo huchangia utafiti kwa tozo ya kila tani, na serikali huongeza fungu lake. Tonto haina tozo ya namna hiyo, kwa hiyo wafadhili na serikali ndio waanze.

Wapo watakaosema pipa moja si sayansi. Kweli, moja halitoshi. Lakini Malawi, katika miaka ya 1990, watafiti walianzisha mpango wa jaribio mama lenye vipimo kamili, likizungukwa na majaribio watoto katika mashamba mengi, kila mkulima akijaribu sehemu tu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinaweza kumlea mama; watoto wawe kwa wazalishaji. Pingamizi zito zaidi linahusu Misiera na vijiji vingine vya Nakivale, ambako mkimbizi amepewa kipande cha ardhi akitumie tu, na anaweza kuhama kabla mgomba haujazaa. Hapo majaribio yaanze na maharage, yanayokomaa msimu mmoja, na uchachushaji, unaochukua siku chache. Migomba ipandwe kwa wenyeji wa Isingiro wanaopakana na makazi, na wakimbizi walipwe kwa kuitunza na kuandika kumbukumbu, malipo yatolewe kumbukumbu zinapoletwa, hata kama mavuno yamekuwa mabaya.