Paja katika Miteremko ya Gusii

Mgeni akipanda vilima vya Manga asubuhi na kurudi chini jioni, keshokutwa mapaja humuuma upande wa mbele, hata kukaa kitini ni shida. Hulaumu kupanda, kumbe aliyemuumiza ni mteremko.

Mtu anapopanda, kazi kubwa hufanywa na msuli mkuu wa makalio, mkubwa kuliko wote mwilini. Huuvuta mfupa wa paja nyuma na kuuinua mwili juu ya mguu uliotangulia. Anapoteremka, zamu ni ya misuli minne ya mbele ya paja. Goti linakunjika huku uzito wote ukiliangukia, na misuli hiyo hulazimika kukaza huku ikirefuka ili mtu asiporomoke. Msuli unaovutwa ukiwa umekaza huchanika kidogo kidogo katika nyuzi zake, na maumivu hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Mama wa Kebirigo anayeshuka na kikapu cha majani chai mgongoni haumwi hivyo, kwa sababu msuli uliokwisha kupitia kazi hiyo mara kadhaa hujiimarisha.

Misuli ya nyuma ya paja hukunja goti, lakini kwa mkimbiaji ina kazi nyingine: kuuzuia mguu unaorushwa mbele kabla haujakanyaga. Ndiyo inayochanika mtu anapoongeza kasi. Naftali Temu wa Nyamira alipompita Mamo Wolde wa Ethiopia mwishoni mwa mbio za mita 10,000, Mexico City mwaka 1968, na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, misuli hiyo ilikuwa imekwisha kufanya kazi kwa karibu nusu saa.

Kila upande wa paja una neva yake. Mbele ni neva ya paja, ndani ni neva ya obtureta inayotumikia misuli ya kubana miguu, na nyuma ni neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini. Hii ya siatiki hupita chini ya makalio, sehemu ya ndani, ndiyo maana sindano ya makalio huchomwa juu na kwa nje. Ikikosewa, unyayo unaweza kulegea na mgonjwa akaburuta vidole.

Damu ndiyo ninayotaka msomaji aielewe vizuri zaidi. Bonyeza katikati ya kinena, pale paja linapokutana na tumbo: mapigo unayoyasikia ni ya ateri kuu ya paja. Neva iko upande wake wa nje, vena upande wa ndani. Chini kidogo ateri hugawanyika. Tawi moja huteremka hadi nyuma ya goti kulisha mguu wa chini. Tawi la pili huzama ndani kulisha misuli ya paja, na vitawi vyake huuzunguka mfupa wenyewe kwa karibu sana.

Sasa fikiria ajali ya bodaboda katika barabara ya Kisii kwenda Keroka. Mfupa wa paja ukivunjika, vitawi hivyo hukatika pamoja nao, na misuli mikubwa hukaza na kuzivuta ncha za mfupa zipishane. Paja hufupika na kuvimba. Ngozi inaweza kubaki nzima, bila tone la damu nje, huku lita moja au zaidi ikiwa imemwagika ndani. Mtu mzima ana takriban lita tano tu. Majeruhi atatoka jasho baridi, mapigo yatakwenda mbio, naye ataomba maji.

Asipakiwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Kila mtikiso huzisogeza ncha za mfupa na kukata zaidi. Mlazeni chali. Wekeni shuka au sweta katikati ya miguu, kisha fungeni mguu uliovunjika pamoja na ule mzima kwa leso, juu na chini ya palipovunjika, na kwenye vifundo. Msimpe maji wala chakula, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Guseni mguu juu ya unyayo: ukiwa baridi, umepauka na hauna mapigo, huenda ateri inayopita nyuma ya goti imebanwa au imekatika. Mwambieni daktari hilo mara tu mnapofika hospitali, hata kabla ya kueleza ajali ilivyotokea.