Kisu cha Babu na Asili Yake

Majuzi, katika maonyesho ya utamaduni ya shule moja viungani mwa mji wa Embu, mwanafunzi aliweka mezani kisu cha kukunja alichoachiwa na babu yake. Kwenye karatasi aliandika: "Kisu cha jadi cha Waembu." Mwalimu wake alikiondoa, akisema hicho ni kitu cha Wazungu. Mtoto akalengwalengwa na machozi.

Nilikiomba nikitazame. Mpini wa mbao ulitiwa nakshi za nyota na mwezi, na nyuma yake palikuwa na pete ya kuvuta ili kisu kikunjike. Hicho ni Okapi. Visu vya jina hilo vilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe katika makoloni yake ya Afrika. Tangu 1988 huundwa Afrika Kusini. La ajabu ni kwamba jina lenyewe ni la Kiafrika: okapi ni mnyama wa jamii ya twiga aishiye katika misitu ya Kongo.

Kuhusu asili, basi, mwalimu alisema kweli. Lakini je, Waembu na Wameru walingoja meli ya Mjerumani ndipo wapate kisu? Hasha! Lugha zinatoa ushahidi. Waembu husema kaviũ, Wakikuyu kahiũ, Wakamba kavyũ. Penye h ya Kikuyu, Kiembu aghalabu huwa na v, na utaratibu huo ni alama ya neno la urithi, lililokuwapo kabla ya lugha hizi kutengana. Wahunzi wa kando ya Mlima Kenya waliyeyusha mchanga wenye chuma, wakafua visu, panga na mikuki. Kisu chao hakikukunjwa, kilitiwa alani.

Tukikiita Okapi kisu cha jadi, tunampokonya mhunzi heshima yake na kukitunuku kiwanda.

Hata hivyo, kukiondoa mezani ni kosa la pili. Neno "meza" tulilipata kwa Wareno. Nani leo atathubutu kusema si Kiswahili? Kitu huwa na asili, na huwa na wenyewe. Kisu kile kiliwakatia wajukuu nyama kwa miaka mingi.

Walimu wenzangu, kirudisheni kisu mezani, kando ya kile cha mhunzi, kila kimoja na maelezo yake. Tusahihishe maandishi ya mtoto bila kumfutia babu yake.