Mkusanyo Uliochelewa Miaka 35

Mwaka 1975, Waingereza waliuziwa albamu ya mkusanyo ya Black Sabbath, We Sold Our Soul for Rock 'n' Roll. Vijana hao wanne wa Aston, mtaa wa viwanda jijini Birmingham, walikuwa wamekwisha kutoa albamu sita katika muda wa miaka mitano. Mwaka huohuo bendi ya Wazambia iliyoitwa Musi-O-Tunya ilitoa Wings of Africa, iliyorekodiwa hapa Nairobi. Mkusanyo wa kazi zao, Dark Sunrise, ulitoka mwaka 2010, na ulitayarishwa Los Angeles. Pengo hilo la miaka 35 halikuletwa na tofauti ya vipaji. Lililetwa na swali la nani alitunza kanda, nani alihifadhi mikataba, na nani aliamini kwamba muziki huo ulistahili kusikika tena.

Naandika haya Riruta, upande wa magharibi wa jiji ambalo leo lina kizazi kipya cha wapigaji wa muziki wa metali. Ni kizazi hicho hasa ninachotaka kisome makala hii, kwa sababu yaliyowapata Musi-O-Tunya yanaweza kukipata na chenyewe.

Albamu ya mkusanyo hudharauliwa mara nyingi, ikidhaniwa kuwa ni njia ya kampuni kuuza nyimbo zilezile mara ya pili. Iliyotengenezwa kwa uangalifu hufanya kazi ambayo wimbo mmoja hauwezi. Mfikirie Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath. Akiwa na umri wa miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono anaobania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Anayesikiliza kwa mfuatano, kuanzia nyimbo za albamu ya kwanza, iliyorekodiwa kwa siku moja tu mwaka 1969, hadi zile za Master of Reality ya 1971, anasikia sauti ya gitaa ikishuka na kuwa nzito. Muziki wa metali ulipata uzito wake hatua kwa hatua, na mfuatano wa nyimbo ndio unaozifichua hatua hizo.

Musi-O-Tunya nao walikuwa na safari yao. Walijiita kwa jina la wenyeji la maporomoko makubwa ya mto Zambezi, na wanahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa Zamrock, roki ya Zambia iliyochanganya gitaa la kukwaruza na midundo ya Kiafrika. Kiongozi wao, Rikki Ililonga, aliimba na kupiga gitaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliweka makao Kenya, na kulikuwa na sababu. Zambia ilikuwa na wapigaji hodari lakini vifaa vyake vya kurekodia vilikuwa haba, wakati Nairobi ilikuwa na studio na viwanda vya kuchapa santuri. Ukiisikiliza Dark Sunrise mfululizo, unawasikia wakianza kama bendi ya ngoma na dansi, kisha gitaa linachukua usukani, na mwishowe Ililonga anabaki peke yake katika nyimbo za albamu yake ya 1975, Zambia. Wanaimba kwa Kiingereza na kwa lugha za kwao. Sitauita muziki huu metali kamili, ila kwa yeyote anayetafuta chimbuko la gitaa zito katika ukanda wetu, hapa ni mahali pa kuanzia.

Nairobi ya wakati ule ilikuwa kiwanda cha muziki cha Afrika Mashariki na Kati. River Road, Luthuli na Latema zilijaa maduka na wazalishaji. Wakongo wa Super Mazembe na Les Mangelepa walirekodi hapa, na ndugu wa Simba Wanyika walitoka Tanga wakapata umaarufu hapa. Hata hivyo, mkusanyo wa Super Mazembe uliowafikisha mbali zaidi, Giants of East Africa wa mwaka 2001, ulitolewa na Earthworks ya Uingereza. Jiji lililorekodi halikukusanya.

Sababu zinajulikana. Katika miaka ya 1980 kaseti za wizi zilifurika, biashara ya santuri ikazama, na kampuni kubwa za kigeni zikaondoka. Zambia ilipigwa zaidi: bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, fedha zikakauka, kisha UKIMWI ukaja. Katika bendi ya WITCH, maarufu kuliko zote za Zamrock, mwimbaji Emanyeo Chanda, anayejulikana kama Jagari, ndiye pekee wa kikosi cha awali aliye hai.

Kisa cha Jagari kinaonyesha mkusanyo una faida gani. Alikuwa akichimba vito ili apate riziki. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles, iliyotoa Dark Sunrise, ilikusanya albamu za WITCH katika We Intend to Cause Havoc! mwaka 2012. Wasikilizaji wapya wakazaliwa Ulaya na Marekani, ziara zikafuata, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Mzee aliyesahauliwa alirudi jukwaani kwa sababu kuna mtu aliyemtafuta, akazungumza naye na kuzipanga kazi zake kwa mfuatano. Now-Again wanastahili shukrani zetu kwa hilo.

Pamoja na shukrani hizo, kuna gharama. Mkusanyaji wa mbali huchagua kwa masikio yake. Akipenda gitaa la kukwaruza, wimbo wa mapenzi uliopigwa kwa utulivu unaweza kuachwa, hata kama ndio uliochezwa harusini mwaka mzima. Santuri yenyewe huuzwa kwa bei ambayo kijana wa Kawangware au Satellite hawezi kuimudu. Historia yetu inaturudia ikiwa imehaririwa na wengine.

Sasa tutazame leo. Duma, wawili wa Nairobi waliounganisha metali na kelele za kompyuta, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mmoja wao, Martin Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024. Yeye ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, shujaa wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023, na kazi hiyo inamuenzi. Kabla yao walikuwepo Last Year's Tragedy na wengine waliopata nafasi X FM, stesheni ya roki iliyokuja kuzimwa. Sehemu kubwa ya muziki huu imehifadhiwa katika kompyuta za watu binafsi na akaunti za mtandaoni. Kompyuta huibwa na akaunti hufungwa. Kanda ya mwaka 1975 ilidumu miaka 35 kabatini. Faili la 2015 huenda lisidumu hata nusu ya muda huo.

Sheria nayo haingoji. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa rekodi za mwaka 1975, muda huo ulikwisha mwishoni mwa 2025. Haki ya mtunzi ni nyingine, na huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki asiyejua tofauti hii anaweza kulipoteza fungu lake lote bila kunyang'anywa na yeyote.

Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, alipofariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 baada ya tamasha la mwisho la bendi hiyo katika uwanja wa Villa Park, kila mwenye simu angeweza kuisikiliza kazi yake kuanzia 1970. Hilo liliwezekana kwa sababu miaka yote kulikuwa na watu waliolipwa kuitunza.

Kwa hiyo nawaomba wanabendi wa Nairobi: andikeni majina ya wapigaji wote, studio na tarehe ya kila rekodi. Wekeni nakala ya rekodi mama mahali pawili tofauti. Andikisheni kazi zenu katika Bodi ya Hakimiliki, na msitie saini mkataba usiosema rekodi ni ya nani bendi ikivunjika. Nayo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, pamoja na KBC, zianze kupokea muziki huu kama zinavyopokea karatasi za serikali. Mkusanyo wa bendi ya Nairobi utayarishwe Nairobi, wapigaji wakiwa hai wa kuulizwa na kulipwa.